Najisi ya mtoto wetu, nani anaibeba?



Asubuhi moja baada ya swala ya Alfajiri tulikuwa tunatoka msikitini, wazee wanne, tukipita njia ya mkato iliyo kando ya korongo. Mbele yetu kulikuwa na mbwa anavuta kitu cheupe. Alipotuona alikiacha katikati ya njia akakimbia. Ilikuwa ni pampasi ya mtoto, imechanika, na vilivyokuwamo ndani vimemwagika njiani. Mwenzetu mmoja aliikanyaga kabla hajaiona. Akarudi msikitini kuosha mguu, huku akituuliza kwa utani uliochanganyika na hasira: "Sasa nioshe mara moja, au mara saba na mchanga, maana mbwa naye keshaitia mdomo?"

Tulikaa barazani kumsubiri, na mazungumzo yakawa hayo hayo. Mmoja akasema akina mama wa siku hizi ni wavivu. Mwingine akasema ni kuiga Wazungu. Mimi, Mwenyezi Mungu (S.W.) anisamehe, ndiye niliyesema kwa kirefu kuliko wote. Nikasema sisi tulilelewa na nepi za kitambaa, na watoto wetu tukawalea hivyo hivyo. Kulikuwa na vile vitaulo vya mraba na pini zake, na kwa asiye na uwezo kulikuwa na vipande vya khanga kuukuu. Tulifua, tukaanika, tukatumia tena, na hakuna mtu aliyekanyaga kinyesi cha mwanangu njiani. Wenzangu wakaafiki, nami nikajiona nimesema kweli.

Nilifika nyumbani maneno hayo yakiwa bado mdomoni. Mkwe wangu alikuwa kwetu, amejifungua na arobaini yake haijaisha. Nikamweleza, kwa upole niliodhani unatosha, tuliyoyaona njiani, na kwamba ingekuwa vyema mjukuu wangu alelewe kwa nepi za kitambaa kama baba yake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Sawa, baba. Naomba kuuliza tu. Nepi za mume wangu alipokuwa mdogo, alikuwa anazifua nani?"

Nikajibu bila kusita: "Mama yake."

Mke wangu alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi. "Sikuzifua mimi," akasema. "Mimi nilikuwa nashinda shuleni nafundisha. Alizifua yule binti wa Kondoa."

Ndugu msomaji, ilibidi niulize binti yupi. Mke wangu akanikumbusha. Alikaa kwetu miaka miwili, tangu mtoto ana wiki chache mpaka akaacha nepi. Alikuwa anaamka kabla yetu na kuchota maji. Mwezi wa Juni na wa Julai, Dodoma inapokuwa na baridi na upepo mkavu, vidole vyake vilikuwa vinapasuka mpaka vinatoa damu, na mke wangu alikuwa anampaka mafuta usiku. Nepi za mwanangu nilizikumbuka vizuri, zilivyokuwa nyeupe kwenye kamba. Mikono iliyozifanya ziwe nyeupe sikuikumbuka. Hata jina lake nilitajiwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naona linatuhusu wengi, hasa sisi tunaoishi mjini. Najisi ya mtoto wetu inakwenda wapi, na nani anaibeba?

Katika fiqhi yetu twahara haianzi kwa kuficha najisi. Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumesoma, yanafundisha kwamba kwanza unaondoa najisi yenyewe, kisha unapitisha maji safi mpaka rangi, harufu na ladha viondoke. Doa lililogoma baada ya juhudi husamehewa. Na kwa watoto dini imeweka wepesi mkubwa. Mtoto wa kiume asiyekula chochote ila maziwa, mkojo wake unatosha kunyunyiziwa maji. Hukumu hii imetokana na kisa cha Ummu Qays bint Mihsan (R.A.), aliyemletea Mtume (S.A.W.) mwanawe mchanga. Mtume akampakata, mtoto akamkojolea, naye akaagiza maji akanyunyizia nguo yake. Na sote tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab. Dini yetu haimkimbii mtoto kwa sababu ya mkojo wake. Lakini mkojo na kinyesi vilivyothibitika ni lazima viondolewe, na kuondoa maana yake si kukitoa kitu mlangoni kwangu nikakiweka mlangoni kwa mwenzangu.

Hapo ndipo pampasi inapotuweka katika mtihani. Kitu chenyewe ni uvumbuzi wenye manufaa. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuuza nepi za kutupa kwa jina la Pampers mwaka 1961, na jina hilo limeenea mpaka sisi tumelifanya neno la Kiswahili, hata kama iliyonunuliwa ni ya kampuni nyingine. Miaka ya 1980 ziliongezwa ndani yake punje za kemikali zinazonyonya mkojo na kugeuka kama uji mzito. Ndiyo maana mtoto analala usiku kucha akiwa mkavu na mama naye analala. Nani atasema hiyo si rehema kwa mama aliyechoka?

Tatizo linaanza asubuhi. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ni plastiki na hizo kemikali, na haviozi kama kinavyooza kipande cha khanga. Kinyesi kilichomo ndani hakijatoweka, kimefungashwa tu. Wataalamu wa afya wanatuambia kinyesi cha mtoto kina vijidudu vya maradhi kama cha mtu mzima, na kwamba kukitupa pamoja na takataka hakuhesabiwi kuwa njia salama. Hata makampuni yanayotengeneza nepi hizi huelekeza kinyesi kimwagwe chooni kwanza. Ni wangapi wetu tunafanya hivyo?

Sasa tazama mji wetu. Katika sensa ya 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956. Baada ya serikali kuanza kuhamia hapa mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji Aprili 2018, sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179. Katika kila mtaa mpya kuna nyumba zilizojaa watoto wachanga, na pampasi zinauzwa dukani moja moja kama sigara. Dampo liko Chidaya, nje ya mji. Baina ya mlango wangu na Chidaya kuna mtu wa mkokoteni, kuna gari la taka ambalo pengine linafika na pengine halifiki, na kuna korongo. Korongo halidai ada. Kwa hiyo pampasi inakwenda korongoni usiku, na mbwa wanaamka nayo. Mvua za Desemba zikianza, maji yanabeba kila kilichokaa humo miezi saba ya kiangazi na kukipeleka bondeni, kwa watu waliojenga chini yetu kwa sababu viwanja vya juu vilikuwa ghali. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa katika mikoa mingi ya bara. Hatuna haja ya mwalimu mwingine kutufundisha maana ya kinyesi kuingia katika maji.

Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha na kujisaidia katika njia za watu na vivuli wanavyopumzikia. Ametufundisha pia kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni tawi la imani. Ikiwa mtu mzima akijisaidia njiani anajiletea laana, je, anayechukua kinyesi cha mwanawe, akakifunga vizuri katika plastiki na kukiweka pale pale, yuko salama kwa kuwa hakuchuchumaa yeye?

Mpaka hapa wazee wenzangu wa barazani watakuwa wananiunga mkono. Naomba wasubiri, kwa sababu kitambaa nacho kina hesabu yake.

Nepi ya kitambaa inataka maji, na Dodoma si nchi ya maji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Kwa miaka mingi mji umetegemea zaidi visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na maji ya mgao tunayajua sote. Wapo wanaonunua maji kwa dumu. Na kufua nepi kisheria si kutumbukiza tu. Kwa madhehebu yetu, maji yakiwa machache, chini ya qullatayn ambazo kwa makadirio ya wengi ni kama lita 200 na ushee, najisi ikiingia humo hunajisika yote. Kwa hiyo ukitumbukiza nepi yenye kinyesi katika beseni dogo, umenajisi beseni zima na nepi haijatwahirika. Unatakiwa kukitoa kinyesi chooni, kufua, kisha kuyamimina maji safi juu ya nguo mpaka yanayotoka yawe safi. Mtoto mchanga anachafua nepi nane, hata kumi kwa siku. Mpangishe mama huyo katika chumba kimoja, choo ni cha wapangaji sita, maji anayanunua, na saa 11 alfajiri anakanda maandazi ya kuuza. Kisha mwende barazani mkamwite mvivu.

Hata huko Uingereza hesabu haikuwa nyepesi. Mwaka 2008 Wakala wa Mazingira wa nchi hiyo ulichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ubora wa nepi ya kitambaa unategemea namna inavyofuliwa. Anayeanika kwenye kamba, anayejaza mashine kabla ya kuiwasha na anayemwachia mtoto wa pili nepi za wa kwanza, huyo ana nafuu kubwa. Anayefua kwa maji ya moto sana na kukausha kwa mashine ya umeme huenda asiwe na tofauti na mtumiaji wa pampasi. Sisi jua tunalo bure, alhamdulillah. Lakini jua linakausha tu, halifui. Anayefua ni mtu.

Na mtu huyo ni nani? Katika nyumba nyingi za mjini si mama mwenye mtoto, na hakika si baba. Ni binti aliyetoka Kondoa, Chemba au Singida, ambaye wazazi wake walitukabidhi wakituamini kuwa ni Waislamu wenzao. Kwa hiyo mzee anapotoa fatwa kwamba kitambaa ndiyo sunna ya wazee wetu, hukumu hiyo inashuka ngazi mpaka inafika kwenye mikono ya asiyekuwepo barazani.

Ataniambia mtu: lakini binti huyo alilipwa. Ni kweli, na kazi ya kufua ni ya halali na ya heshima. Kosa langu halikuwa kumwajiri. Kosa langu ni kwamba nilijisifu kwa usafi ambao sikuufanya, nikautumia kumhukumu mwingine. Mshahara unalipa kazi, haununui haki ya kumsahau aliyeifanya. Tena Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Dharr (R.A.), ametufundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Hapo ndipo niliponaswa. Mikono ya binti ilipokuwa inapasuka mwezi wa Julai, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, najiandaa kwenda kazini na kanzu nyeupe ya Ijumaa iliyofuliwa na mikono ile ile.

Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mengine mfano wake. Naona inatosha kutuongoza katika suala hili. Kuiokoa nyumba yangu na najisi kwa kumtupia jirani wa bondeni si twahara iliyokamilika. Kuliokoa korongo kwa kumtwika binti wa watu peke yake mzigo wote nako si ukamilifu. Pampasi si haramu, na kitambaa si nguzo ya dini. Kinachotakiwa ni kwamba aliyepewa mtoto awe wa kwanza kuinama. Mtoto ni amana, na amana haina upande wa manukato peke yake.

Kwa hiyo nilimwambia mkwe wangu kwamba nimeyaondoa maneno yangu mpaka nitakapokuwa na haki ya kuyasema. Nikaenda soko la Majengo nikanunua vitaulo, nikaanza kufua mwenyewe. Siku ya kwanza niliziloweka zote pamoja katika beseni moja, mimi niliyesoma mlango wa maji udogoni mwangu. Mke wangu akaja akaniuliza qullatayn zangu ziko wapi. Maji yetu yana chumvi na sabuni ya mche haitoi povu upesi, mgongo unauma, na harufu ya ndoo iliyolala usiku kucha siwezi kuieleza katika gazeti. Siku ya nne nilitafuta udhuru. Wiki ya pili nilielewa kwa nini binti yule alikuwa anaimba akifua.

Baada ya miezi miwili nyumba yetu imefikia hapa: mchana kitambaa, usiku na safarini pampasi. Kinyesi kinamwagwa chooni katika hali zote mbili. Pampasi inakunjwa, inafungwa na kuwekwa kwenye chombo chenye mfuniko mpaka mkokoteni ufike, nasi tunalipa ada ya taka bila kukumbushwa. Maji ya suuzo la mwisho hayamwagwi ovyo, yanasuuzia ndoo na kusafishia choo. Nepi za asubuhi nafua mimi. Za jioni anafua mwanangu akitoka kazini, baada ya kubishana kidogo. Alisema hiyo ni kazi ya wanawake. Nikamkumbusha kwamba Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Mwanangu hakuongeza neno, alichukua beseni.

Wenye chumba kimoja na dumu moja sina la kuwaambia zaidi ya kinyesi kiingie chooni na pampasi isiingie korongoni. Wenye nafasi zaidi ndio wanaodaiwa zaidi. Na kwa wazee wenzangu na kamati za misikiti napendekeza kwamba badala ya kulaumu, tuweke pipa lenye mfuniko upande wa akina mama, tuhakikishe linachukuliwa, na tufuatilie gari la taka mtaani kama tunavyofuatilia kipaza sauti kikiharibika. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, tuliona kwamba tabia ya mji mzima inaweza kubadilika. Vikapu vilirudi. Lakini hakuna sheria itakayoingia katika chumba cha mtoto usiku. Huko anaingia mzazi na Mola wake tu.

Limebaki moja. Mke wangu aliitafuta namba ya yule binti. Sasa ni mama mtu mzima, yuko huko huko Kondoa na ana watoto wake. Nilichukua simu nikiwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi. Nilipojitambulisha alifurahi sana, na kabla sijafika popote aliuliza: "Mtoto wangu hajambo? Anaswali?"

Nikamwambia hajambo, anaswali, na amepata mtoto. Akaomba dua ndefu. Nilimwambia nilichokusudia kumwambia, akacheka, akasema yale yamepita, baba. Tulimtumia tulichojaaliwa, naye akapokea kwa shukrani. Lakini sidhani kama hesabu imefungwa. Yeye alimchukua mwanangu kuwa mwanawe, mimi sikumkumbuka hata jina. Deni la namna hiyo halilipwi kwa simu.

Jioni ile nilipokuwa naanua nepi, mkwe wangu alinikuta kambani akasema, "Zimekuwa nyeupe, baba." Nikamwambia bado hazijafikia zile za zamani.

Wabillahi tawfiq.